Kidonda Kisichopona: Tuache Kuuliza "Nipake Nini?"

Wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ninyi mnaouguza wazazi na ndugu zenu nyumbani, habari za asubuhi.

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu vidonda sugu ni hili: "Nipake nini?" Linaulizwa kwa nia njema, na mara nyingi anayeuliza amechoka na amekata tamaa. Lakini kidonda kilichokaa mguuni miezi sita hakijakosa cha kupaka. Kimeshapakwa karibu kila kitu. Ambacho hakijafanyika ni kuuliza kwa nini hakiponi, halafu kulishughulikia jibu. Karibu yote nitakayosema leo yanatokana na hapo. Dawa za kupaka na bandeji zitakuja, ila zitakuja nyuma.

Jeraha la mtu mwenye afya hupita hatua zinazofahamika: damu huganda, sehemu huvimba wakati mwili unasafisha uchafu na vijidudu, nyama mpya nyekundu hujaa, ngozi hutambaa kutoka kingoni na kufunika, kisha kovu hukomaa taratibu. Kidonda ambacho wiki 4 hadi 6 zimepita bila kuonyesha dalili ya kuelekea kupona tunakiita sugu. Mara nyingi kimekwama kwenye hatua ya uvimbe. Chembe nyeupe za damu zinaendelea kumwaga vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo vinaila nyama mpya kadiri inavyoota. Ndiyo sababu majimaji ya kidonda sugu yakiachwa juu ya ngozi nzima huichubua, na kidonda kinapanuka huku mgonjwa akidhani kimepata "sumu".

Kinachokikwamisha kidonda, kwa wagonjwa walio wengi, ni kimoja kati ya vinne au mchanganyiko wake: vena za mguu (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) zimeharibika, ateri (mishipa inayoleta damu kutoka kwenye moyo) zimeziba, kisukari kimeua hisia za miguu, au sehemu imegandamizwa muda mrefu. Hebu tuone namna ya kuvitofautisha kwa macho na mikono kabla ya kipimo chochote.

Kidonda cha vena hukaa juu kidogo ya kifundo cha mguu, hasa upande wa ndani. Hakina kina kirefu, kingo zake hazina umbo maalumu, kinatoa maji mengi, na mguu huvimba kuelekea jioni. Ngozi inayokizunguka imekuwa nyeusi au ya kahawia na ngumu. Mgonjwa akiinua mguu anapata nafuu. Kidonda cha ateri ni kinyume chake: kiko kwenye vidole, kisigino au upande wa nje wa mguu, kingo zimekatika wima, sakafu imepauka au ni nyeusi, maji hakuna, mguu ni wa baridi na vinyweleo vimeisha. Maumivu huzidi usiku, na mgonjwa huning'iniza mguu nje ya kitanda ili apate usingizi. Kidonda cha kisukari hupenda unyayo, chini ya mashina ya vidole, kimezungukwa na ngozi ngumu, na mgonjwa hasikii maumivu. Cha mgandamizo kiko palipo na mfupa karibu na ngozi: kitokono, nyonga, visigino.

Baada ya kutazama, shika mapigo. Weka vidole juu ya mgongo wa mguu, halafu nyuma ya kifundo upande wa ndani. Ukiyapata mapigo yote mawili na ni imara, ni habari njema, ingawa haitoshi peke yake. Penye kifaa cha dopla, kinachosikilizisha mapigo ya damu kwenye mishipa, mlaze mgonjwa chali dakika 10, pima presha ya mikono yote miwili na uchukue iliyo juu, kisha funga mkanda juu ya kifundo cha mguu na upime presha ambayo mapigo ya mguu yanarudi kusikika. Gawa ya mguu kwa ya mkono. Mguu ukiwa na 96 na mkono 120, jibu ni 0.8. Kuanzia 0.8 hadi 1.3 mguu unaweza kufungwa bandeji ya kubana kikamilifu. Kati ya 0.5 na 0.8, ubanaji uwe hafifu na uamuliwe na mtaalamu. Chini ya 0.5, usibane kabisa. Huyo anahitaji daktari wa mishipa ya damu haraka. Jibu likizidi 1.3 msifurahi: ateri zimekuwa ngumu kwa chokaa, jambo la kawaida kwa wenye kisukari, na mkanda haukuweza kuziminya. Namba hiyo haisemi chochote kuhusu damu inayofika vidoleni. Hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu.

Nimekaa hapa kwa sababu ndipo mguu unapookolewa au kupotea. Ukibana mguu usio na damu unauua. Ukiacha kubana mguu wenye vena mbovu, utaufunga gozi, yaani kitambaa cha kufunikia kidonda, miaka kumi.

Tukae kwenye huo wa vena, maana tiba yake ipo, si ghali ukilinganisha na gozi za miaka, na bado wagonjwa wengi hawaipati. Ndani ya vena za mguu kuna vali zinazoruhusu damu kupanda bila kurudi chini. Vali zikiharibika, kwa kuganda kwa damu zamani, kwa vena kutanuka, kwa unene au kwa kusimama muda mrefu, damu hurundikana chini, presha ndani ya vena hupanda, maji huvuja kwenye nyama, na ngozi inakosa hewa na chakula. Ukiweka dawa juu ya ngozi hiyo hujagusa presha iliyo ndani. Bandeji ya kubana ndiyo inayoigusa. Lengo ni takribani milimita 40 za zebaki kwenye kifundo, ikipungua kadiri unavyopanda kuelekea gotini.

Namna ya kufunga. Mfunge mgonjwa asubuhi kabla mguu haujavimba, au baada ya kuuinua nusu saa. Osha mguu, kausha, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato kwenye ngozi nzima, weka kifunika kidonda. Kunja unyayo uwe pembe ya nyuzi 90 na ugoko. Ukifunga mguu umenyooka kama wa mtu aliyelala, bandeji itakunjamana mbele ya kifundo mgonjwa akisimama na kumkata. Kisha zungusha tabaka la pamba laini kutoka mashina ya vidole hadi chini ya goti, na uongeze pamba juu ya mfupa wa ugoko, juu ya mafundo, na nyuma kwenye kano kubwa ya kisigino. Pamba hii ni sehemu ya matibabu. Mvuto ule ule wa bandeji hutoa presha kubwa zaidi penye mzingo mdogo, kwa hiyo kifundo chembamba kisicho na pamba hupata presha ya kuchubua, wakati shavu nene la mguu halipati ya kutosha. Jaza pamba mpaka mguu uwe na umbo linalopanuka taratibu kwenda juu.

Halafu bandeji yenyewe. Anzia mashina ya vidole, zunguka mara mbili kushikiza, funika kisigino chote, kisha panda kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Bandeji inayonyumbuka sana ivutwe nusu ya uwezo wake, na mvuto uwe huo huo mwanzo hadi mwisho. Umbo la mguu ndilo litakalopunguza presha kuelekea juu. Ishia vidole viwili chini ya kunjo la goti. Kosa la kawaida kabisa ni kuanzia juu ya kifundo na kuacha unyayo wazi: unyayo huvimba mpaka ngozi inang'aa. La pili ni kukaza zaidi karibu na goti ili bandeji isishuke, ambako ni kufunga kamba juu ya mguu.

Mwambie mgonjwa kabla hajaondoka: vidole vikibadilika rangi, vikifa ganzi, vikiwa baridi, au maumivu mapya yakianza, afungue bandeji mwenyewe wakati huo huo, hata kama ni usiku, na arudi. Atembee. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu ya vena, na bandeji hufanya kazi vizuri pampu hiyo ikisukuma. Asiyeweza kutembea akunje na kunyoosha kifundo mara nyingi kwa siku. Akipumzika, miguu iwe juu kuliko moyo, nusu saa, mara tatu au nne kwa siku. Kigoda cha kuwekea miguu ukiwa umekaa hakifikishi urefu huo. Mwenye moyo ulioshindwa kazi na anayehema kwa shida akilala asibanwe miguu yote miwili kabla moyo haujatulizwa, kwa kuwa maji yote ya miguuni yatarudi kifuani.

Na penye uwezo wa kuziba vena mbovu kwa joto au dawa, msisubiri kidonda kipone ndipo mgonjwa apelekwe. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 ulilinganisha kuziba vena mapema na kuchelewesha, wote wakiwa wamefungwa bandeji za kubana: nusu ya waliozibwa mapema walipona ndani ya siku 56, na kwa waliocheleweshwa ilichukua siku 82.

Sasa mguu wa kisukari. Hapa adui mkubwa ni kutembea bila kusikia maumivu. Mwenye hisia zake akipata kidonda unyayoni huchechemea, na kuchechemea huko humponya. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia hukanyaga kidonda chake maelfu ya mara kwa siku, kila hatua ikiponda nyama iliyoota usiku. Hisia hupimwa kwa uzi wa nailoni wa gramu 10: mgonjwa afumbe macho, gusa kidole gumba na mashina ya vidole, bonyeza mpaka uzi ujikunje, mwulize kama amesikia na wapi. Usipime juu ya ngozi ngumu, kwani hapo hata mwenye afya hasikii.

Tiba kuu ni kuondoa uzito kwenye kidonda. Njia yenye nguvu zaidi ni kiatu kirefu hadi chini ya goti kisichovulika, au plasta ngumu inayokaa sawasawa na umbo la mguu mzima, inayobadilishwa kila wiki moja hadi mbili. Kwa nini kisichovulika? Kwa sababu kinachovulika huvuliwa. Mgonjwa hukivua nyumbani akidhani hatua chache za kwenda bafuni hazihesabiki, na kidonda huzihesabu zote. Plasta hiyo isiwekwe kwenye mguu wenye maambukizi makali au usio na damu ya kutosha. Ngozi ngumu inayozunguka kidonda inyolewe kwa kisu cha upasuaji kila mgonjwa anapokuja, na mtu aliyefundishwa, kwa sababu yenyewe ni kama kokoto ndani ya kiatu, na chini yake mara nyingi mna mfuko wa usaha usioonekana. Miguu isilowekwe kwenye beseni. Kulowekwa hulainisha ngozi, hupasua kati ya vidole, na maji ya moto yameunguza wengi wasiosikia joto.

Chukua kijiti cha chuma safi chenye ncha butu, upime kina. Kikigonga kitu kigumu cha kukwaruza, umefika mfupani, na inabidi kudhani mfupa umeambukizwa hadi picha na vipimo vikatae. Maambukizi ya nyama hutibiwa kwa dawa wiki 1 hadi 2. Ya mfupa ambao haukukatwa huhitaji karibu wiki 6. Na mguu wa kisukari uliovimba ghafla, wenye joto kuliko mwenzake, hauna kidonda na hauumi sana, usidharauliwe. Inawezekana mifupa yake inasagika ndani. Mgonjwa aache kuukanyaga siku hiyo hiyo.

Kwa mgonjwa aliyelala, kanuni zenu mnazijua, nitataja zinazokosewa. Kugeuzwa kila saa 2 ndiko kianzio, na ratiba ibadilike kulingana na ngozi yake: ukimgeuza ukakuta alama isiyofutika kwa kubonyeza, saa 2 ni nyingi kwake. Mlaze ubavu kwa mwinamo wa nyuzi 30 ukitumia mito mgongoni, msimlaze ubavu wima, maana uzito wote huangukia mfupa wa nyonga. Kichwa cha kitanda kisizidi nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula, kwa sababu mwili huteleza huku ngozi ya kitokono ikibaki imeng'ang'ania shuka, na mishipa midogo hukatika. Visigino vielee kabisa: mto uwekwe chini ya shavu la mguu, kisigino kisiguse kitu. Acheni pete za kukalia zenye tundu katikati. Hukaza ngozi pembeni na kuzuia damu isifike katikati. Msisugue wala kukanda sehemu iliyobadilika rangi. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu ajiinue au ainame kila dakika 15 hadi 30.

Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani. Tumia kiganja: linganisha joto, ugumu au ulaini wa sehemu hiyo na ya jirani, tazama weusi uliozidi au rangi ya zambarau, mwulize kama panauma. Anayesubiri wekundu kwenye ngozi nyeusi atakutana na kidonda tayari kimefunguka.

Yapo pia mengine ya kufikiria kabla ya kusema "ni kidonda tu". Selimundu huleta vidonda vichungu mno kwenye vifundo. Ukoma huua hisia za nyayo kama kisukari. Kidonda cha Buruli, kinacholetwa na bakteria, huanza kama uvimbe usiouma, kikipasuka kingo zake zimeliwa kwa chini. Hicho hutibiwa kwa rifampisini miligramu 10 kwa kilo mara moja kwa siku pamoja na klarithromaisini miligramu 7.5 kwa kilo mara mbili kwa siku, wiki 8. Na saratani. Kidonda kwenye kovu la zamani la moto, kinachoinua kingo, kinachotoa damu kwa kuguswa, au kilichotunzwa vizuri miezi mitatu bila mabadiliko, kikatwe kipande cha ukingoni kikapimwe. Msikubali miaka ipite kwa kuogopa kipande hicho kidogo.

Nimefika kwenye usafi na ufungaji. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Kama hayapo, maji safi ya kunywa yanatosha kwa vidonda sugu vingi. Ukitengeneza nyumbani, chemsha lita 1 ya maji kwa dakika 10 ndani ya sufuria yenye kifuniko, tia gramu 9 za chumvi, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa kwa kisu, na utumie ndani ya saa 24. Yatumike yakiwa na uvuguvugu wa mwili, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya seli kugawanyika.

Nawa mikono. Vaa glavu, lowesha bandeji ya zamani ikiwa imeganda, subiri dakika 5, uitoe taratibu ukiwa umeishika sambamba na ngozi. Mtu akilia wakati wa kubandua, na gozi ikitoka na damu mbichi, umeng'oa kazi ya mwili ya siku nzima. Anayeumia apewe parasetamo nusu saa hadi saa nzima kabla. Tupa, nawa tena, badilisha glavu. Vuta maji ya chumvi kwa bomba la sindano la mililita 20 lenye sindano namba 18, na uyarushe kutoka karibu. Msukumo huo unatosha kuondoa uchafu bila kuupeleka ndani. Kiasi ni mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya urefu wa kidonda, watu wengi hutumia kidogo mno. Osha na ngozi inayozunguka kwa sabuni laini, suuza, kausha kwa kugusa-gusa.

Spiriti, hidrojeni peroksaidi, dawa za kufulia, majivu, dawa ya meno, mafuta ya gari: hapana. Vinaua vijidudu vilivyo juu na seli changa kwa pamoja. Povu la peroksaidi huwavutia watu kwa sababu linaonekana linafanya kazi, na hakika linafanya, hata kwenye nyama iliyo hai.

Tishu iliyokufa, iwe nyeusi au ya njano inayonata, lazima iondolewe, kwa kuwa ndiyo kitanda cha vijidudu na hakuna ngozi inayotambaa juu yake. Juu ya kidonda sugu vijidudu hujijengea utando wao, na utando huo hurudi ndani ya siku moja hadi tatu baada ya kukwanguliwa, ndiyo maana kusafisha mara moja hakutoshi. Ila kuna mahali pa kutokata: kigaga cheusi, kikavu, kilichoshikamana imara kwenye kisigino au kidole cha mguu usio na mapigo. Hicho kiachwe kikavu, kilindwe, mpaka damu irudishwe. Kukilowesha au kukikata ni kugeuza kitu kikavu kilichotulia kuwa uozo unaopanda.

Ukiondoa hali hiyo, kidonda kinahitaji unyevu. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa majaribio ya ngozi ya nguruwe kwamba majeraha yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi karibu mara mbili ya kasi ya yaliyoachwa yakauke na kufanya kigaga. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado wagonjwa wanaambiwa wakiache kidonda "kipigwe upepo". Seli za ngozi hutambaa juu ya unyevu. Penye ukavu hulazimika kuchimba njia chini ya kigaga.

Kifunika huchaguliwa kwa kutazama maji ya kidonda. Kikavu kinapewa jeli ya maji au gozi yenye mafuta ya mgando. Chenye maji ya wastani kinapewa sponji laini ya kufyonza, na chenye maji mengi kinapewa alginati, ambayo hutokana na mwani, ikifunikwa na pedi nene. Shimo lijazwe kwa ulegevu, lisishindiliwe, ncha moja ibaki nje, na idadi ya vipande iandikwe kwenye faili, kwa sababu gozi iliyosahauliwa ndani ni chanzo cha usaha usioisha. Penye gozi tu pekee, weka gozi iliyopakwa mafuta ya mgando yaliyotakaswa iguse kidonda, kisha pedi kavu juu. Ngozi ya pembeni ipakwe zinki oksidi au mafuta ya mgando. Ikiwa nyeupe na kukunjamana, kifunika kimezidiwa na maji, kibadilishwe mapema zaidi au kichaguliwe kingine. Kidonda safi hakihitaji kufunguliwa kila siku. Asali ya tiba iliyotakaswa kwa mionzi inafaa baadhi ya vidonda. Asali ya jikoni inaweza kubeba mbegu za vijidudu. Vifunika vya fedha vijaribiwe wiki 2, kisha viamuliwe upya.

Kuhusu antibiotiki nitasema kwa msisitizo wote nilio nao. Kila kidonda sugu kina bakteria. Ukipeleka pamba maabara bakteria wataonekana, na kuonekana kwao peke yake si ugonjwa. Maambukizi hutambuliwa kwa macho, pua na mikono: maumivu yaliyoongezeka, joto, wekundu au weusi unaotambaa, harufu mpya, usaha, nyama inayotoa damu kwa kuguswa, kidonda kinachokua, homa. Hapo dawa ya kumeza au ya sindano inahitajika. Kupasua kapsuli na kunyunyiza unga kidondani kuachwe kabisa. Unga hufanya ukoko unaofungia usaha, huzoesha ngozi mzio, na hufundisha bakteria kuishinda dawa ambayo kesho itahitajika kuokoa maisha. Sampuli ichukuliwe baada ya kuosha, kamwe si kwenye usaha wa juu: bonyeza kijiti cha pamba kwenye nyama safi, eneo la sentimita 1 ya mraba, ukikizungusha kwa sekunde 5. Harufu inayomfanya mgonjwa ajifiche na watu hupunguzwa kwa jeli ya metronidazo ya asilimia 0.75 juu ya kidonda. Msione aibu kumwuliza kuhusu harufu. Anaifikiria kila saa.

Mwulizeni pia kuhusu chanjo ya pepopunda, sigara, wingi wa damu, sukari, na chakula. Mwenye kidonda anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 75 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6. Wengi hawafiki nusu. Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe na daktari.

Na pimeni. Kila wiki, urefu mkubwa kabisa mara upana mkubwa kabisa unaokatana nao, kwa sentimita, mgonjwa akiwa amelala mkao ule ule. Kidonda cha 5 kwa 4 ni 20. Baada ya wiki 4 za matibabu sahihi kiwe kimefika 12 au chini. Kwa mguu wa kisukari tunadai nusu, yaani 10. Kisipofika, usibadilishe mafuta ya kupaka. Rudi kwenye chanzo: je, bandeji inavaliwa kweli? Damu inafika? Mfupa uko salama? Ni saratani?

Wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo ni mwenye homa na mguu unaovimba kupanda juu, mwenye kidole kinachogeuka cheusi, anayesikika mlio wa hewa chini ya ngozi ukibonyeza, na mwenye mguu uliopauka ghafla na kuwa wa baridi.

Kidonda kikifunga, kazi haijaisha. Kovu hufikia kama asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi ya awali, na vilevile vena au mishipa ya fahamu haijapona. Kwa mguu wa kisukari, takribani wagonjwa 40 kati ya 100 hupata kidonda tena ndani ya mwaka mmoja. Mwenye vena mbovu avae soksi za kubana kila siku, azivae asubuhi kabla hajashuka kitandani, na azibadilishe kila baada ya miezi 6 kwa kuwa hulegea hata zikionekana nzima. Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni kwa kioo au kwa macho ya mwingine, aingize mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na anunue viatu jioni mguu ukiwa umejaa, vyenye nafasi ya sentimita 1 mbele ya kidole kirefu zaidi.

Pamba na bandeji ziko mezani. Kaeni wawili wawili, mmoja avue kiatu, mwingine afunge, unyayo ukiwa nyuzi 90. Nitapita kukagua visigino kwanza.